Kaulimbiu Iliyomeza Duka

4 Februari

Mwanangu wa kompyuta,

Hujambo? Sisi huku wazima, kwa kiwango cha umri wetu. Mama yako goti linamsumbua, lakini ukimtajia mkongojo anakununia siku nzima, anasema hayo ni mambo ya wazee. Mjomba wako ameezeka upya chumba cha uani, kile cha karibu na tangi la maji, na kila akipita dukani kwangu ananieleza kilivyo na hewa nzuri. Mimi si mtoto. Anataka nifunge duka nikakae humo, niwe naletewa chai na kuulizwa kama nimelala vizuri. Godoro keshanunua.

Salamu zimeisha, sasa tugombane. Nakuandikia barua pepe sipigi simu kwa sababu unajua yaliyotupata mara ya mwisho kwenye simu, tulikatiana kama watoto. Kwa maandishi angalau mtu anamaliza sentensi yake.

Ukurasa wa duka nimeupitia wote, na nakushukuru kwa kuutengeneza bila malipo. Lakini umeukosea. Juu kabisa kuna jina la duka, Sindano Moja, sawa. Chini ya jina umeweka kaulimbiu ya babu yako: Tunaona kasoro kabla chombo hakijalalamika. Sawa pia. Sasa kwa nini kompyuta inaniambia kwamba hiyo kaulimbiu ni kichwa cha daraja la pili? Na kwa nini huduma, saa za kazi, mahali tulipo na namba ya simu vyote ni vya daraja la tatu, chini yake? Maana yake duka langu zima limekaa ndani ya kaulimbiu. Mtu akitaka kuitafuta namba yangu ya simu inabidi aingie kwenye sura inayoitwa Tunaona Kasoro. Kaulimbiu haina sura. Kaulimbiu ni neno la pembeni tu, mtu analisema huku amekushika mkono, kisha mnaingia kwenye biashara.

Jambo hili si la mchezo. Chuo cha ushonaji kinatafuta fundi wa kudumu wa vyerehani vyake vyote. Afisa ununuzi wao ameniambia ataangalia ukurasa wa kila fundi kabla ya kumwita, na uamuzi ni mwanzo wa mwezi wa tano. Nikipata, duka linabaki. Nikikosa, godoro la mjomba wako linanisubiri.

Kitu kingine. Kwenye picha ya duka umeandika maelezo, "Duka la Sindano Moja, lenye mlango wa kijani." Mlango ulishapakwa rangi nyingine. Rekebisha.

Mama yako mdogo

10 Februari

Mama mdogo, shikamoo.

Mimi mzima, kazi tu ndizo zinanila. Hapa ofisini tuna mradi mkubwa na bosi hatuachii nafasi hata ya kukohoa. Nimefurahi kusikia mama yuko vizuri. Goti mwambie alikande kwa maji ya moto. Mjomba naye mwambie aache kukuchokoza.

Sasa kuhusu ukurasa. Mama mdogo, kwa heshima zote, umefungua huo ukurasa ukautazama kweli? Umependeza! Jina kubwa, kaulimbiu ndogo kidogo, halafu vile visehemu vingine vidogo zaidi. Ndiyo maana nilitumia h2, hicho kichwa cha daraja la pili. Ni namna ya kupata ukubwa wa maandishi, basi. Kila mtu anafanya hivyo. Mteja anaona maandishi, haoni kilichoandikwa nyuma yake. Sijui ni programu gani ya ukaguzi umewekewa kwenye hiyo kompyuta, lakini hizo programu hulalamikia kila kitu, usizisikilize.

Hata hivyo kwa kuwa wewe ni mama mdogo na nisipofanya utamwambia mama, nimebadilisha. Kaulimbiu sasa ni h6, yaani kichwa cha chini kabisa, hakina mamlaka juu ya mtu yeyote. Nadhani hapo tumeelewana.

Na mlango umepakwa rangi gani? Niandikie nirekebishe maelezo ya picha.

Mwanao

2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na safari za hospitali, namsindikiza mtu. Usiulize nani, humjui. Mama yako amekubali kukanda goti, lakini maji anayachemsha kama anataka kunyonyolea kuku. Mjomba wako ameweka pazia kwenye kile chumba. Pazia! Nimemwambia akimaliza aweke na mgeni.

Haya, h6 yako.

Mimi nikifika kwenye ukurasa sianzi kuusoma neno kwa neno kama ninayesahihisha mtihani. Nabonyeza H, narukia kichwa kinachofuata, tena H, tena H, mpaka nijue nyumba ina vyumba vingapi. Ndivyo watu wanavyopita. Sasa nabonyeza H: Sindano Moja, kichwa daraja la kwanza. Vizuri. Nabonyeza H: Tunaona kasoro, kichwa daraja la sita. La sita! Nikasema la pili liko wapi? La tatu? La nne? Nikajua nimeruka kitu. Nikarudi juu, nikaanza upya, nikarudi tena. Nusu ya asubuhi nilikuwa natafuta vichwa ambavyo havipo, kumbe ni wewe umeshusha ngazi kutoka ghorofa ya kwanza mpaka kwenye shimo la choo. Halafu H inayofuata: Huduma, daraja la tatu. Tumepanda tena! Nani anapanda ngazi hivyo?

Nilikuambia kaulimbiu si kichwa. Sikusema ni kichwa kidogo sana. Nilisema SI KICHWA. Mteja akija na cherehani kinachokata uzi, nikampunguzia mlio tu nikamrudishia, nimemtengenezea?

Na usinifundishe habari ya kupendeza. Sijakataa upendeze. Nataka useme kweli. Huduma ni sehemu, Saa za Kazi ni sehemu, Mahali Tulipo ni sehemu. Kaulimbiu ni maneno. Huoni tofauti?

Mama yako mdogo

Na usinitajie bosi wako kila barua. Mimi pia nina kazi.

9 Machi

Mama mdogo, shikamoo tena.

Huku salama. Jua kali, mabasi yamejaa, majirani wa juu wamenunua viatu vya mbao. Mama nimempigia jana, goti linaendelea vizuri, ila kaniambia umeanza kuwa mkali sana siku hizi. Nikamwambia sijagundua.

Kwa kweli nashindwa kuelewa. Nimetengeneza kurasa za benki, za maduka makubwa, hata za hospitali, sijawahi kuona mteja anayepigana na ukurasa kwa sababu ya maneno matano chini ya jina. Wenzako wanagombania rangi! Wanataka picha itembee! Wewe unanigombeza kwa kitu ambacho hakuna binadamu atakiona.

Basi. Nimemaliza ugomvi. Kaulimbiu nimeitoa kwenye kichwa chake mwenyewe, nimeiweka ndani ya h1, kile kichwa kikuu, pamoja na jina la duka, mstari wa pili, kwa maandishi madogo. Zile sehemu nyingine nimezipandisha zote ziwe daraja la pili. Ngazi zimenyooka. Hakuna cha sita, hakuna cha tatu. Ukibonyeza hiyo H yako utapata jina, huduma, saa, mahali, simu, kwa mpangilio. Nakuomba sasa tulifunge hili jambo kabla mimi sijafungwa.

Rangi ya mlango bado hujaniambia. Ni neno moja tu, mama mdogo.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Salamu za leo ni fupi kwa sababu nina hasira. Wote wazima.

Afisa ununuzi wa chuo ameniandikia. Unajua ameanzaje? "Kwa uongozi wa Sindano Moja Tunaona Kasoro Kabla Chombo Hakijalalamika." Kanakili jina kutoka kwenye ukurasa wako kama lilivyo! Mwishoni akauliza kama anaruhusiwa kulifupisha. Nilisikia joto mpaka masikioni. Duka lenye umri mkubwa kuliko wewe limegeuka jina la mtoto aliyepewa majina na mabibi wote wa ukoo.

Na kompyuta nayo hivyohivyo. Nikifika kwenye jina inalisoma lote bila kuvuta pumzi, duka na kaulimbiu kitu kimoja, nusu ya pili imeningʼinia kama mkia. Kila nikirudi juu ya ukurasa nasomewa kasoro, kasoro, kasoro. Mimi natengeneza vyerehani! Mteja wa kwanza kusikia hivyo atadhani ninaviuza vikiwa vibovu.

Mara ya kwanza uliifanya kaulimbiu kuwa bosi wa duka. Mara ya pili ukaifanya mfungwa. Mara ya tatu ukaiozesha kwa jina la duka. Mwanangu, iache iwe sentensi! Ikae chini ya jina, ijulikane ni ya jina, lakini isijiite jina wala isijiite sura. Hilo linakushinda? Kama HTML, hiyo lugha yenu ya kuandikia kurasa, haina mahali pa sentensi iliyokaa karibu na kichwa, basi hao walioitengeneza hawajawahi kuona ubao wa duka.

Sasa nikuulize na mimi, kwa kuwa wewe umezoea kuuliza. Barua zako zote zinaingia saa nne asubuhi, siku za kazi. Kompyuta inanitajia saa kabla sijafungua. Na kila ninapokulalamikia, ukurasa unabadilika siku hiyohiyo, mchana. Ni bosi gani huyo anayewanyima hata nafasi ya kukohoa, lakini anakupa mchana mzima wa kumkosea mama yako mdogo?

Mama yako mdogo

14 Aprili

Mama mdogo, shikamoo.

Nimekaa kimya muda mrefu. Samahani. Kila nilipoanza kuandika niliishia kwenye salamu. Huku niko mzima.

Nianze na lililo rahisi. Kampuni ilipunguza watu tangu mwezi wa kumi na mimi nilikuwa mmoja wao. Hakuna bosi, hakuna mradi mkubwa. Nafanya vibarua vya hapa na pale, asubuhi nakaa mezani jikoni na kompyuta, na mama sijamwambia kwa sababu atauza kitu. Ukurasa wako ndio kazi pekee niliyokuwa nayo mwezi wa pili na wa tatu, na nimeifanya kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa kila ukinikosoa nilisikia na wewe unanipunguza. Ndiyo hivyo.

Sasa lililo gumu. Barua yako ilipofika nilikasirika nikasema ngoja nimwoneshe huyu mama kwamba kompyuta yake ina wazimu. Nikaweka programu ya kusomea skrini, nikazima mwanga wa skrini kabisa, nikabonyeza H.

Mama mdogo, nilikaa pale nikamsikiliza yule mtu wa ndani ya kompyuta, anayesoma Kiswahili kama kashuka jana kutoka nchi isiyo na irabu, akinipeleka kwenye duka lako. Nilitafuta namba yako ya simu nikapotea. Kwenye ukurasa niliouandika mwenyewe. Nikarudisha toleo la h6, nikapotea vizuri zaidi. Nilikasirika, kisha nikaona aibu, kisha nikakumbuka kitu ambacho nilipaswa kukikumbuka mwezi mzima kabla: hakuna mtu anayebonyeza H kwenye ukurasa isipokuwa yule anayeusikiliza.

Halafu nikasoma barua zako zote upya. Kompyuta inaniambia. Kompyuta inanitajia. Nasomewa. Safari za hospitali za kumsindikiza mtu nisiyemjua. Mlango nimeuliza mara mbili.

Mama mdogo, macho yako vipi?

Mwanao

18 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako sasa anatembea mpaka sokoni na kurudi bila kulaumu mtu. Mjomba wako kaleta kiti cha kukaa barazani, kwenye kile chumba, "hata kama hutakuja sasa." Nimemwambia akikalie yeye.

Kwanza, hilo la kazi. Pole. Ungesema mapema ningekutukana kidogo. Kupunguzwa na kampuni si kupunguzwa na mimi, tofautisha. Mimi nikikukosoa nataka kazi itoke, siku nikinyamaza ndipo uogope. Siri yako iko kwangu, lakini usiikalishe mpaka iote mizizi. Mama yako hatauza kitu. Atalia, atakupikia, yataisha.

Pili, macho yangu yako mahali pake usoni, na swali hilo usiniulize tena.

Tatu, kwa kuwa najua utauliza kwa mlango wa nyuma: kazi yangu iko sawa. Cherehani kinachoruka mishono kina mlio wake, kinachovuta uzi kina mlio wake, na skrubu iliyolegea naijua kwa kidole kabla ya bisibisi. Sindano naivisha uzi kwa kile kiwaya chembamba cha kuvutia. Hakuna mteja aliyerudi na cherehani kibovu mwaka huu. Mmoja alirudi, lakini alikuwa amekiangusha kwenye ngazi akanidanganya, na nilimjua kwa mlio.

Nne, na hili lisome vizuri maana sitalirudia. Ankara ya umeme nasomewa na jirani muuza dawa. Ujumbe wa benki nasomewa na yeye. Ubao wa duka langu mwenyewe, juu ya mlango, fundi wa rangi aliniambia ameuandika upya vizuri na nikamlipa kwa kumwamini. Mtu mzuri, labda kweli kauandika vizuri. Lakini ukurasa huu ni kitu pekee chenye jina la duka ambacho naweza kukikagua mwenyewe, peke yangu, bila kumwambia mtu "naomba nisomee." Nikagundua kwamba hata humo nadanganywa. Kwa mteja wako wa benki ni mapambo. Kwangu mimi ukisema kitu ni kichwa wakati si kichwa, umeniwekea mlango mahali pasipo na mlango, nami nimepiga uso ukutani.

Ukimwambia mama yako, atamwambia mjomba wako. Mjomba wako atakuja na gari siku hiyohiyo. Sasa unajua. Tengeneza ukurasa.

Mama yako mdogo

21 Aprili

Mama mdogo, shikamoo.

Sitauliza. Naandika saa nne asubuhi, bila bosi.

Nimeurekebisha, na safari hii nimeusikiliza kwanza mimi, skrini imezimwa, ndipo nikautazama. Nikuelezee kilichofanyika, maana unastahili kujua fundi wako amefanya nini. Kuna kitu kinaitwa hgroup. Ni kama mfuko: ndani yake unaweka kichwa kimoja, na pamoja nacho unaweka aya ya kawaida, p, ambayo ni ya kichwa hicho lakini si kichwa. Kumbe mahali pa sentensi iliyokaa karibu na jina palikuwepo. Walioitengeneza waliwahi kuona ubao wa duka. Mimi ndiye sikuwa nimeuangalia.

Kwa hiyo: jina la duka ni h1, peke yake. Kaulimbiu ni aya chini yake, vyote mfukoni. Ukibonyeza H unapata Sindano Moja, nukta. Ukishuka kwa mshale, mstari unaofuata unasikia kaulimbiu, inasomwa kama maneno tu. H tena, Huduma. Pale kwenye Huduma palikuwa na kijisentensi "vyerehani vya nyumbani na vya kiwandani" ambacho nacho nilikuwa nimekipa h3 kwa sababu nilitaka kiwe cha herufi za mlazo, na nilipokuambia hakuna cha tatu nilikuwa nimekisahau. Nimekishusha kikawa aya, mlazo wake nimeupata kwa njia nyingine. Ukubwa, rangi, unene, vyote hivyo vina mahali pake pa kuandikwa, havihitaji kukopa kichwa. Hilo nalijua tangu mwaka wa kwanza chuoni. Kulijua na kulifanya ni mambo mawili.

Nimetaka kukuuliza jambo moja, usinirukie. Kaulimbiu inasema "Tunaona." Ukitaka naweza kuandika "Tunasikia." Ni dakika moja.

Jingine: mama sitamwambia. Ila na wewe sema mwenyewe. Huwezi kunikemea nisikalie siri huku umeikalia yako kama mto. Na hao wa chuo pia, mama mdogo. Wakija wakagundua wenyewe, watadhani uliwaficha kwa sababu huwezi kazi.

Maelezo ya picha bado yanasema kijani. Sijui niandike nini, kwa hiyo nasubiri.

Mwanao

6 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Kaa chini, barua ni ndefu kidogo.

Ukigusa kauli ya baba yangu nitakukana mbele ya ukoo mzima. Babu yako aliandika "Tunaona" akiwa amevaa miwani yenye kioo kimoja kilichopasuka, na kasoro alikuwa anaziona kwa kuegemeza sikio kwenye meza ya cherehani. Iache. Ilivyo sasa iko sawasawa. Nimebonyeza H: Sindano Moja. Nikashuka: kauli ya baba, imesomwa taratibu, haimtawali mtu na haijiningʼinizi. H: Huduma. H: Saa za kazi. H: Mahali tulipo. H: Namba ya simu. Nikapita duka langu lote bila kujikwaa, nikarudi juu nikapita tena, kwa raha tu. Muuza dawa akaniuliza nacheka nini. Nikamwambia nimesoma.

Afisa ununuzi aliniita. Safari hii kaandika "Kwa Sindano Moja," basi. Nilipofika karakana yao alinipa cherehani kinachoruka mishono, akasimama pembeni na kalamu, namsikia anavyoibofya. Nikakizungusha gurudumu kwa mkono, nikasikiliza, nikamwambia sindano imewekwa kinyume na ndoano imesogea, na cha pili yake pale pembeni nacho kinaanza, bado hakijalalamika. Nikakirekebisha. Alipoona nimemaliza akaniuliza, mbona hukusogeza taa?

Nilikuwa na majibu mengi mazuri, nimeyatumia mwaka mzima. Kisha nikakumbuka barua yako, nikakukasirikia, nikamwambia ukweli. Akabofya ile kalamu mpaka nikatamani kumnyangʼanya. Juzi amepiga simu. Wananipa karakana moja kati ya mbili kwa mwaka wa kwanza, nyingine kampa fundi mwingine. Nimenungʼunika kidogo, ajue hapati mtu wa kuridhika na nusu. Lakini duka linabaki.

Nikarudi nikamwambia mama yako. Kabla sijamaliza akasema, "Najua, unanimiminia chai mezani tangu mwaka jana." Mwaka jana! Nami nimehangaika kujificha, nimejifunza kutembea barazani kwao kwa kuhesabu vigae! Tukagombana mpaka mjomba wako akaja, tukagombana na yeye, na sasa kila mtu anajua na hakuna aliyekufa. Mjomba wako bado anasema chumba kina hewa nzuri. Nimemwambia kweli, na nina mtu wa kukilalia: kuna mtengeneza kurasa hana bosi, na chuo wanataka ukurasa wao usikilizike kama wangu. Nimeshamwambia afisa utampigia. Godoro jipya, pazia lipo, kiti kipo. Habari ya kazi mama yako utamwambia wewe, mimi nimebakiza hiyo tu.

Ukija, maelezo ya picha utayaandika mwenyewe ukiwa umesimama pale mbele. Lakini kwa kuwa umeuliza mara nyingi, na mimi nilikuwa nakukwepa mara zote hizo, nakujibu. Mlango ulipakwa rangi mwezi wa kwanza. Nimeambiwa ni bluu.

Mama yako mdogo